Koleo la Theluji

Nikanyanyua mkono wa kulia, nikaapa kusema kweli,
mkono uleule uliotia saini mara mbili:
ya kuingia na ya kutoka.

Afisa anaitwa Lundeen. Ana mafua.
"Mliachana lini?"
Namtajia tarehe ya mahakama.
Siku yenyewe siijui.
Labda ni asubuhi ile Verlyn aliponitengea chai,
akatia sukari,
miaka miwili baada ya kujua kwamba situmii.

Tungevumiliana mitatu, ningekwisha kula kiapo.
Tulikatika mwezi wa ishirini na tisa.
Sheria ikasema: basi, hesabu mitano.
Nikahesabu. Nikafua mashuka ya wazee huko Fargo,
zamu ya usiku, kwa jina la mume ambaye si wangu
limeshonwa kifuani: Haugen.
Wazee wakanidhania mjukuu wa watu wa Norwe,
na macho yangu haya.

Leo nimeendesha mwendo wa saa nne hadi Minneapolis
na bahasha kwenye kiti cha pembeni, nimeifunga mkanda.
Ndani mna mapenzi, yamepangwa kwa tarehe:
bili za umeme zenye majina mawili,
kodi ya pango, bima ya lori lake,
risiti ya siku niliyong'olewa gego,
naye akanishika kisigino
kwa kuwa mkono hakuufikia.
(Kisigino hakimo kwenye risiti.)

"Mlioana kwa nia njema?"
Bwana Lundeen, nani huoana kwa hila
kisha akaamka saa kumi alfajiri,
baridi ya kupasua chupa,
kumwashia mwenziwe gari lipate joto?
Sikusema hivyo. Nilisema: "Ndiyo."
Wakili alinionya, majibu yawe mafupi.

Anapekua picha. Za harusi anazipita upesi.
Anakwama kwenye ya saba:
Verlyn uani, ameshika koleo la theluji
vipande viwili, mpini huku, bapa kule,
anacheka mpaka fizi.
"Lilivunjika?"
"Lilivunjika."
"Mkafanyaje?"
"Tulichota kwa sufuria."
Anapenga kamasi. Anaandika kitu, kirefu kuliko nilichosema.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,
ndivyo wasemavyo wenye methali.
Hawasemi mhunzi alilala wapi usiku huo.

Karatasi ya mwisho ni mwandiko wake Verlyn,
hati ya kuku, wino wa buluu:
Nathibitisha alikuwa mke wangu kweli.
Kosa halikuwa kwenye makaratasi.
Mistari miwili. Sikuiomba.
Aliileta mwenyewe hadi kwenye dawati la kufulia,
mbwa wetu akimsubiri ndani ya lori
akitazama pembeni, kama aliyeambiwa asinisalimu.

Kisha mtihani. Mto mrefu? Missouri.
Naryn, niliokunywa nikiwa mtoto, haukuulizwa.

Kisha swali la fomu nisilolitarajia:
"Ungependa kubadili jina?"

Haugen nililivaa kama koti lake,
mikono mirefu, nikaikunja.
Nilizaliwa Burul. Maana yake ni Geuka.
Nilikuwa binti wa nne, na baba
alitaka bahati igeuke, wa tano awe mvulana.
Wa tano akawa Jyldyz, msichana,
na bahati haikugeuza hata shingo.
Nimegeuka mimi:
milima, ndege tatu, ndoa, tambarare hii isiyo na hata kilima.

"Andika Burul," nikamwambia.
Be, u, re, u, le.
Akakosea. Akafuta. Akaandika tena.

Hakuniambia ndiyo, hakuniambia la.
Barua itakuja, alisema, nyumbani.

Nimenunua koleo la chuma.
Kila nikitoka zamu nafukua kisanduku cha barua kwanza,
mlango baadaye.